Kinyaa cha Mama Mbazi

1

Mama alimwopoa nzi kwenye chai kwa ncha ya kidole, akamweka pembeni ya kisosi, akaendelea kunywa. Nzi mwenyewe alikuwa bado anachezesha mguu.

Mimi ni mtu wa kinyaa, sifichi. Sinywei kikombe cha mtu, sikai meza moja na mtu anayechokonoa meno, na nikiona unywele kwenye wali siku yangu imeharibika. Haya yote sikuyaokota barabarani, niliyarithi kwa huyuhuyu aliyekuwa mbele yangu anakunywa chai ya nzi. Enzi zake, nzi akitua tu kwenye mfuniko wa chupa, chai yote ilikwenda kumwagwa migombani na chupa ikasuguliwa kwa majivu. Watoto wa jirani walikuwa wakifika kwetu wananawa kwanza, ndipo wanaamkia.

"Mama, kulikuwa na nzi."

"Nimemtoa."

"Umemtoa, ndiyo, lakini chai..."

"Chai ina nini? Naelijwa, hebu tazama huu mkono." Akakinyoosha kikombe mpaka karibu na pua yangu, kimejaa hadi ukingoni. Hakikumwagika hata tone. "Mwaka jana ningekuwa nimeshakuunguza mapaja. Leo unaniletea habari za nzi!"

Ule mkono uliotulia ulikuwa kazi yangu.

Mama alikuwa na ugonjwa wa Pakinsoni. Ulimwanzia kidole gumba, ukapanda mkono, ukashika taya. Lakini kutetemeka alikuvumilia. Kilichomshinda ni mate. Mwanamke aliyewafundisha watoto wa kitongoji kizima kupenga kamasi sasa alishinda na kitambaa kidevuni, na kila kilipolowa alikitazama kwa chuki. Akaacha kula mbele ya watu. Alijifungia chumbani na sahani yake, na akitoka amebadili blauzi. Siku moja alinishika mkono, wake ukiutikisa wangu, akasema, "Mwanangu, ninajitia kinyaa mwenyewe. Heri nife." Ndipo nikampeleka Tegemeo.

Tegemeo ni kituo cha ubongo, kiko bondeni Same, na mimi ni mtunza nyuzi pale. Tunachukua kipande cha ngozi ya paja la mgonjwa, tunazirudisha seli zake utotoni, tunazilea upya mpaka ziwe nyuzi hai, nyembamba kuliko za buibui. Kazi ya nyuzi hizo ni kutengeneza dopamini, ile kemikali ambayo Pakinsoni huikausha. Hupulizwa puani, zikapenya kwenye vitundu vilivyo juu ya pua, zikafuata mshipa wa harufu hadi ubongoni. Baada ya wiki chache mkono unatulia na mtu anashika tena kijiko. Jambo ambalo hatulibandiki kwenye mabango yetu ni kwamba nyuzi zikifa hurudi kwa njia ileile. Hutoka na kamasi, ndefu, za kijivu, na mgonjwa huzivuta mwenyewe.

Mama alivuta moja palepale uani, mezani. Akaizungusha kidoleni, akaipangusa kwenye kitambaa cha mkate, kisha akanikatia kipande cha mkate huohuo.

"Kula basi."

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini? Umepandishwa mlima na bembea ya waya sasa hivi, tumbo limekuganda mgongoni."

Kabla sijatunga uongo mwingine, mtu akabisha hodi. Sauti ile niliitambua kabla sijauona uso. Mzee Mcharo aliingia amevaa suti ya kahawia, kofia ameishika mbele ya tumbo, anatabasamu.

"Habari za hapa, Mama Mbazi."

Alilitaja jina hilo bila hata kumeza mate.

Mbazi alikuwa kaka yangu. Alikuwa na kifafa, cha aina inayotulizwa na vidonge, na duka la dawa milimani kwetu lilikuwa moja tu, la Mcharo. Mbazi alimeza vidonge vyake kila asubuhi, Mama amesimama mbele yake kuhakikisha, na bado alianguka. Tulilaumu mashetani, tukalaumu nyama ya mbuzi, tukamlaumu Mbazi mwenyewe kwamba anavitema akifika njiani. Mara ya mwisho alianguka akitoka shule, kifudifudi kwenye mfereji wa mashamba, maji yasiyofika hata kifundo cha mguu. Baadaye wakaguzi walipovipima vile vidonge walikuta chaki na unga wa muhogo. Mcharo alifungwa, akatoka amenenepa. Pole hakuwahi kuitoa. Alisema tu kwamba wakati ule kila mtu aliuza hivyo.

Kwetu mgeni hali mpaka mama mwenye nyumba amnawishe, yeye mwenyewe, kwa jagi na beseni. Na mtu akimtoa uhai mtoto wa mtu, nyumba zote humsubiri mama mfiwa. Asipomnawisha yeye, hakuna atakayemnawisha. Hilo hakuna aliyeliandika wala kulitangaza, lakini Mcharo alilijua vizuri. Kwenye harusi alitoa zawadi yake na kuondoka kabla pilau halijapakuliwa. Duka lake lilioza limefungwa, kwa sababu nani angemeza kidonge kilichotoka kwenye mkono usionawishwa? Miaka yote hiyo Mama akipishana naye njiani alikunja pua, mdomo wa juu ukapanda kidogo, akatema mate pembeni. Nilikua nikiuona uso ule, na ulinipa amani kuliko hukumu ya mahakama.

"Kaa, Mzee Mcharo," Mama akasema. "Makande yako tayari."

Akachukua jagi na beseni. Nilidhani ananipa mimi, nikajiandaa kukataa. Hakunipa. Aliinama mbele ya mtu yule, akammiminia maji taratibu, bila tone kuruka nje, na Mcharo akazungusha vile vidole vyake vinene vyenye pete kwenye maji ya nyumba yetu.

"Sasa Jumapili, kwenye kipaimara," Mcharo akasema akijifuta, "ukininawisha hivihivi mbele ya ukoo, mambo yatakuwa yamekwisha. Rafu za duka nimeshazipaka rangi."

"Kuna ugumu gani?" Mama akajibu. "Ni maji tu."

Niliinuka nikatapika migombani.

2

Dk. Hidaya Mruma, mkuu wa Tegemeo, alikuwa akila chapati ofisini huku picha ya ubongo wa Mama ikielea juu ya meza yake, inazunguka polepole. Nyuzi zilionekana kwa rangi ya njano. Nyingi zilikuwa mahali pake. Lakini kulikuwa na kishungi kilichochepuka pembeni na kujisokota kwenye sehemu iliyojikunja ndani, ile ambayo sisi wa kazi hii tunaiita kisiwa.

"Zimeingia kisiwani," nikasema.

"Zinafuata sukari. Kisiwa kinakula sukari nyingi." Akamega chapati. "Ulisema kwenye simu una malalamiko ya nzi, sivyo? Mke wa Mwalimu Kibacha naye alikuja. Mumewe amerudi kuimba kwaya, anashika kitabu cha nyimbo bila kukitikisa. Ila anakula makombo ya mbwa. Haya, niambie wewe, nimnyang'anye mwalimu kwaya kwa sababu ya mbwa?"

"Mlijua?"

"Tulishuku. Tukauliza. Si uliwauliza wewe mwenyewe?"

Ni kweli niliuliza. Kila mgonjwa, kabla ya nyuzi na baada ya nyuzi, aliulizwa kama kuna chakula kinachomtia kinyaa. Na kila mmoja, kabla na baada, alijibu kwa adabu zote: hapana mwanangu, chakula ni baraka. Hata Mama! Mwanamke aliyemwaga chupa nzima ya chai kwa ajili ya nzi alikaa kwenye kiti kile akasema chakula ni baraka. Nani kwetu atamwambia mgeni mwenye koti jeupe kwamba chakula cha mtu kinamchefua? Mama yake angemfinya hata akiwa mzee. Kwa hiyo majibu yetu yalitoka sawasawa, mstari umenyooka, na wakubwa wakapongezana kwamba kisiwa hakijaguswa.

"Si nzi tu, Daktari. Amemnawisha Mcharo."

Dk. Mruma ni Mpare kama sisi, sikuhitaji kumfafanulia. Aliirudisha chapati kwenye sahani.

"Kisiwa ndicho kinachokufanya uteme maziwa yaliyoharibika kabla hujafikiri," akasema. "Na ndicho hichohicho kinachokunja pua yako ukisikia mtu amemfanyia mtoto unyama. Ubongo haukujenga vyumba viwili. Nyama iliyooza na mtu aliyeoza vinanuswa mahali pamoja. Ukikinyamazisha kwa hili, kimenyamaza na kwa lile."

"Basi tuziue hizo za kisiwani."

"Hazichaguliki. Ukiua, unaua zote, na mama yako anarudi kwenye kitambaa chake. Jumatatu ndiyo siku yake ya kufungwa. Mpaka hapo anaweza kubadili nia."

Kufunga ni sindano ya mwisho, inayozioanisha nyuzi na ubongo. Baada yake hakuna awezaye kuziua wala kuzilaza tena, zimekuwa mwili. Na mgonjwa huikubali sindano hiyo nyuzi zikiwa macho, akiwa ametulia, anajua jina lake na anashika kalamu. Ndiyo sheria.

"Huyo atakayekubali si Mama," nikasema. "Ni Mama asiye na kisiwa."

"Ni nani basi? Yule aliyetaka kufa ndiye mama yako halisi?" Akaipangusa mikono yenye mafuta kwenye koti. "Kwa taarifa yako, wako watu hawaoni kama ni hasara. Wamepiga simu kutoka mbali, watu wa magereza. Wanataka nyuzi za kisiwani peke yake, kwa walinzi wao. Wanasema walinzi hawalali vizuri."

"Umewajibu nini?"

"Nimesema tutaangalia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeulizwa bei ya nyanya. Nililitazama lile koti lenye alama za vidole vya mafuta, nikatoka bila kuaga.

3

Kuna chombo tunakiita kilazio, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Kinatoa mlio ambao sikio la mtu halisikii ila nyuzi zinausikia, zikalala. Hulala muda wa kuchemsha maharage, halafu huamka zenyewe. Tunakitumia kupima ugonjwa umefika wapi chini ya utulivu. Nilipanda nacho mlimani siku ya pili yake, mchana, nikamkuta Mama uani anachambua maharage kwenye ungo, vidole vinakwenda haraka.

"Mama, nizilaze nyuzi kidogo? Kuna kitu nataka kukiona."

"Itauma?"

"Utatetemeka."

"Nimetetemeka sana duniani mimi. Laza."

Nikabonyeza. Vidole ndivyo vilivyoanza, maharage yakarukaruka kwenye ungo. Kisha taya. Mate yakaanza kushuka pembeni ya mdomo, na Mama akapapasa kidevuni kutafuta kitambaa alichokwisha kukichoma moto kwa furaha siku mkono ulipotulia.

Halafu pua ikakunjamana.

"Nini... kinanuka?"

Kilinuka kweli. Sufuria la makande ya siku nyingi lilikuwa chini ya meza, povu la kijani limepanda mpaka ukingoni, na alikuwa akipakua humo. Akaliona sufuria. Akakiona kitambaa cha mkate na zile nyuzi za kijivu zilizokaukia juu yake. Macho yakazunguka ua wote, polepole, yakatua kwenye kiti cha mgeni.

"Alikaa pale."

"Ndiyo, Mama."

"Nilimnawisha."

"Ndiyo."

Akaitazama mikono yake. Akataka majivu. Nilileta majivu na maji, nikamsugua, akasema bado, nikasugua tena mpaka ngozi ikawa nyekundu, akasema bado. Kisha akatapika, kwenye ungo, kwenye kanga, na tumbo lilipombana akajikojolea. Akageuzia uso ukutani.

"Usinitazame."

Nilimsafisha. Nasema ukweli: nilibana pumzi. Ni mama yangu, amenipangusa mimi mavi na kamasi, na bado niligeuza shingo. Aliniona. Mtu wa kinyaa humtambua mwenzake, huwezi kumficha.

"Umeona?" akasema, taya zinagongana. "Ndiyo maana... sikutaka watu. Naelijwa. Usiziamshe. Ziue. Yule mtu... nisimnawishe. Mbele ya ukoo... nisimnawishe. Niahidi."

Nikaahidi. Nililia, nikaahidi.

Nyuzi ziliamka kabla sijamaliza kuanika kanga. Nilijua kwa sababu nyuma yangu kulikuwa kimya, hakuna tena kilichokuwa kinagongana. Mama alikuwa amekaa wima, anaokota maharage yasiyopata matapishi na kuyarudisha kwenye bakuli.

"Umemwahidi nani?" akauliza, karibu anacheka. "Nakumbuka kila kitu, usidhani nimesahau. Yule alikuwa kwenye mateso. Mtu wa mateso huomba lolote."

"Yule alikuwa wewe."

"Na huyu ni nani? Jirani?"

Nilikaa chini. "Mama, umemsamehe Mcharo?"

Aliacha maharage. Alifikiri kweli, sikuona mzaha usoni pake.

"Kusamehe ni kazi, mwanangu. Mimi sijafanya kazi yoyote. Najua aliuza chaki. Mbazi nilimtoa mferejini mwenyewe, viatu vimejaa matope, nikambeba mpaka hapa. Namlilia mpaka leo. Yote nayajua. Ila hayanuki. Yule mzee nikimtazama naona mzee mwenye njaa." Akapangusa pua. "Labda Mungu naye hana pua. Ingekuwaje atuvumilie?"

"Atafungua duka, Mama. Watoto wa kifafa bado wapo milimani."

"Basi wakaguzi wamkague. Kazi ya kumchukia nimeifanya peke yangu miaka yote, nimechoka. Jumatatu tunashuka Tegemeo nikafungwe. Nimekula na watu, Naelijwa! Nimekaa kwenye ushirika wa akina mama, nimekula wali, hakuna aliyenitazama kidevuni. Wewe unajua hiyo ni nini?" Akaninyooshea kidole, kimetulia tuli. "Na kichwani mwangu usiniguse tena bila kuniuliza. Niahidi."

Nikaahidi na hilo.

4

Kipaimara kilikuwa cha Nakundwa, binti wa baba mdogo Kaniki. Mchana, baada ya kanisa, ukoo wote ulikuwa chini ya turubai uani kwa Kaniki, juu kidogo kukiwa na nyavu za kunasa ukungu zinazodondosha maji kwenye matangi. Nakundwa alikuwa amevaa gauni jeupe, mkono mmoja anaushikilia upindo usiguse vumbi. Watoto walikuwa wanapigania soda. Mcharo alikaa benchi la mbele, suti ileile ya kahawia, kofia juu ya magoti. Wakati wa kuondoka kama kawaida yake ulifika, na hakuondoka.

Minong'ono ilianza kwa wanawake jikoni. Mama alitoka na jagi aliloachiwa na mama mwenye nyumba. Alikuwa amevaa gauni la kitenge jipya, lisilo na doa hata moja kifuani, na alitembea kwa madaha. Aliwanawisha wazee wa kwanza, mmoja baada ya mwingine. Kila alipokaribia mwisho wa benchi, sauti zilipungua. Baba mdogo Kaniki alikohoa, akatazama chini.

Kilazio kilikuwa mkobani mwangu. Mkono wangu ulikuwa mkobani pia.

Ningependa kusema niliwafikiria watoto wa kifafa. Niliwafikiria, kidogo. Nilizifikiria ahadi zangu mbili, ya yule aliyegeukia ukutani na ya huyu mwenye kitenge, na sikujua ipi ni deni na ipi ni uongo. Lakini Mcharo alipokunja mikono ya koti lake, akaivua pete na kuiweka kwenye kofia, akainyoosha ile mikono minene, nyeupe viganjani, anasubiri maji ya mama wa Mbazi, sikufikiri tena. Nilichefukwa tu. Nikabonyeza.

Maji ya kwanza yalianguka vizuri. Ya pili yalimwagikia magotini pa Mcharo, kwenye kofia, kwenye pete. Jagi lilianza kugonga beseni, likawa linasikika uani kote. Mcharo akainua uso, bado anatabasamu, na akakutana na uso wa Mama.

Ule uso. Pua imekunjwa, mdomo wa juu umepanda. Nilikuwa nimeukosa mno, nikasikia raha mwili mzima.

"Chaki," Mama akasema.

Taya zilikuwa zinamgonga, lakini hakuna ambaye hakusikia.

"Chaki. Na unga... wa muhogo."

Jagi likaanguka. Mcharo alisimama, maji yanamtiririka suruali yote, akatazama huku na huku kama kuna atakayempa taulo. Mataulo yalikuwepo, kila mwanamke alikuwa na lake begani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akaokota pete, akavaa kofia iliyolowa, akatoka kwa njia ya nyuma, na watu wakampisha wakivuta kanga zao zisimguse.

Wakati huo nilikuwa nimeshinda. Ulikuwa wakati mfupi.

Mama alibaki katikati ya ua, peke yake, anatetemeka kuanzia kichwani. Mate yalishuka, yakachora mstari kwenye kitenge kipya. Alipapasa kidevuni. Hapakuwa na kitambaa. Kisha kitenge kikalowa chini pia, mbele ya ukoo mzima, mbele ya mchungaji, na mkojo ukasikika ukidondoka. Nakundwa, mtoto wa watu, aliziba pua na mdomo kwa kiganja bila kukusudia. Mama alimwona.

Kisha akaanza kunitafuta mimi. Macho yalipita usoni pa mmoja mmoja mpaka yakanifikia, yakashuka mkononi mwangu. Sikuwa nimekirudisha kilazio mkobani. Nilikuwa nimekishika wazi.

Uso haukubadilika. Pua ilikuwa imekunjwa vilevile, mdomo wa juu umepanda vilevile, kama alivyomtazama Mcharo. Nilisubiri uondoke. Haukuondoka.

Wanawake walimkimbilia wakamketisha, wakamfunika kanga kiunoni. Mimi niliokota jagi, nikajaza maji, nikachukua sabuni na beseni nikapiga magoti mbele yake. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

"Mama, nikunawishe."

Aliiondoa mikono yake, ikitikisika, akaificha makwapani.

"Mama, ulisema mwenyewe nisikuache umnawishe. Uliniahidisha."

"Nilisema... ziue. Chumbani. Sikusema... mbele ya watu." Alimeza mate kwa shida, akageuza shingo kama mimi nilivyoigeuza siku ile. "Si wewe. Aje mwingine."

Nakundwa ndiye aliyekuja, amekwisha kuondoa kiganja usoni, ana aibu. Akalichukua jagi mkononi mwangu. Mama akamnyooshea mikono, na mtoto akamimina taratibu, gauni lake jeupe likiburuzika kwenye tope, wala hajali tena.

Nilisimama na taulo. Jikoni kwa Kaniki chungu cha maharage kilikuwa kimeanza kutoa povu. Nilijua kinachofuata, hakuna aliyejua pale ila mimi. Muda si mrefu nyuzi zingeamka. Mama angetulia, angekumbuka yote, angenitafuta tena kwa macho, na safari hii pua ingekuwa imekunjuka. Angeninyooshea mikono yote miwili. Angesema njoo mwanangu unimiminie, kuna ugumu gani, ni maji tu.

Nilimwekea taulo begani Nakundwa, nikapita nyuma ya migomba, nikaondoka kabla haujafika wakati huo.